Mayai ya Sironga

"Jiwe limepashwa moto," sauti ya Mathew ilisema ndani ya kofia ya pikipiki. "Narudia. Jiwe limepashwa moto."

Persis Angwenyi alibana meno.

Maana yake mayai ya korongo yameondoka kwenye kinamasi cha Sironga. Maana yake pia, Job hakuwepo tena wa kuyazuia.

Alivuta mafuta. Yamaha ikanguruma, ikateremka kutoka Ekerenyo ikikata kona kati ya majani chai na migomba. Mbele yake, Probox nyeupe ya Lewis, mlanguzi wa ndege, iliruka matuta kama gari la wizi.

"Job je?" aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Wamemkuta asubuhi kinamasini. Kifudifudi." Mathew, mkuu wake wa operesheni katika kikosi cha wanyamapori, alishusha sauti. "Pole, Persis."

Ndugu yake wa tumbo moja. Miaka yote Job alikuwa amewalinda korongo taji wa Sironga kwa tochi na mdomo wake tu.

"Nipe kazi."

"Kazi ni Marovane. Kile kisiwa chenye bunge lake. Sheria yao ya wanyama, ndege na mimea haijaguswa tangu mkoloni. Inalinda ndege wa kwao peke yao. Yai la kigeni likianguliwa pale, kinda anahesabiwa mzalia wa pale. Anapata cheti, anauzwa dunia nzima."

"Na leo wanairekebisha."

"Bunge lao limeketi sasa hivi. Wapinzani wanataka kifungu kipya cha kulinda ndege wa kigeni kifutwe kwenye mswada. Wanasema hakuna yai la Afrika lililowahi kuelekea kwao. Kamera ya koti lako nimeiunganisha na ukumbi wao. Waonyeshe mayai, Persis. Yakiwa hai, mikononi mwa Lewis. Kifungu kikianguka, Sironga itabaki matope matupu."

Na Job atakuwa amekufa bure. Hilo Mathew hakulisema.

Probox iliingia Birongo, ikakunja kuelekea uwanja wa mpira. Helikopta ilikuwa imetua katikati ya uwanja, buluu, inang'aa.

Na watu wameizunguka kama siafu.

Persis karibu acheke. Lewis alikuwa amepanga kila kitu, akasahau jambo moja ambalo mtoto yeyote wa milima ile analijua. Chopa haitui Birongo bila sababu. Ikitua, ni mheshimiwa amekuja mazishini, na mheshimiwa hatembei mikono mitupu. Watu walikuwa wameacha majembe. Mtu alikuwa amekwisha kuleta viti vya plastiki.

"Mheshimiwa ashuke!" kijana mmoja alipiga kelele.

"Hakuna mheshimiwa! Ni mizigo!" rubani alifoka. Injini alikuwa ameizima. Watoto walikuwa wakiruka ili waguse mapanga ya helikopta.

"Mizigo ni unga ama ni blanketi?" akauliza omong'ina mmoja, bibi mzee mwenye leso ya kijani. "Sema tupange laini."

Persis aliegesha pikipiki, akapenya.

Lewis alisimama kando ya rundo la kreti zilizoshushwa kwenye Probox, suti ya kijivu, viatu safi kama vya arusi. Mjini Kisii alijulikana kwa vinyago vya mawe ya sabuni. Kanisani alijulikana kama shemasi. Nyuma yake walisimama vijana wawili, mikono ndani ya makoti.

"Dada Persis," alisema kwa upole. "Pole kwa msiba. Habari mbaya hufika haraka."

"Kwako ilifika kabla haijatokea."

Tabasamu halikumtoka. Persis alitoa kamera ya joto, FLIR ndogo ya kiganjani, akaielekeza kwenye kreti. Yai lenye kinda huhitaji joto. Kreti moja tu ndiyo ingewaka nyekundu.

Zote ziliwaka.

"Ni vinyago," Lewis alisema. "Mayai ya mawe, yamefungwa moja moja kwa majani makavu ya migomba. Asubuhi tumeyaanika karibu na moto, rangi ikauke. Jiwe letu hushika joto kutwa nzima. Msichana wa hapa hajui hilo?"

Hiyo ndiyo ilikuwa maana ya ule ujumbe wa jiwe kupashwa moto. Mshenzi huyu alikuwa amegeuza mawe kuwa mama.

Lewis akapaza sauti. "Wazazi wangu! Huyu binti ananiita mwizi. Basi afungue kreti moja, achague mwenyewe! Akikuta jiwe, atuombe msamaha mbele yenu, aende zake."

"Hiyo ni haki!" umati ulijibu.

Akamsogelea, akanong'ona. "Ukikosea, utalala alikolala Job."

Kreti zilikuwa nyingi. Umati ulikuwa na kelele za soko. Persis aligusa spika ndogo ya JBL mfukoni. Alihitaji kitu kimoja tu.

Kimya.

Alipanda juu ya kiti cha plastiki, akainua mkono.

"Ndugu zangu. Kabla ya yote, tuombe."

Kofia zilivuliwa. Vichwa vikainama. Watoto wakazibwa midomo. Hata wale vijana wawili, waliolelewa kwenye mabenchi yale yale ya kanisa, walifumba macho kwa mazoea. Mikono ikatoka ndani ya makoti, ikakutana kifuani.

Lewis peke yake alibaki amekodoa macho. Lakini shemasi hawezi kukatiza maombi.

Persis alibonyeza spika.

Mlio wa korongo ulipanda juu ya uwanja, mzito, wa huzuni, sauti ya mama akiita kiotani. Job aliurekodi Sironga, mwezi wa mwisho wa maisha yake.

Kimya.

Kisha, kutoka kreti ya chini kabisa, kitu kikajibu.

Pii. Pii. Pii.

Ndani ya maganda, makinda walikuwa wakiita.

Omong'ina alifumbua jicho moja. "Jiwe linalia?"

Lewis alichomoa bastola, akaifyatulia kreti. Mbao zikaruka, vumbi la jiwe likatimka. Kabla hajafyatua tena, Glock ya Persis ilibweka mara moja. Bastola ya Lewis ilianguka pamoja na damu ya kiganja chake. Vijana wawili walifumbua macho, wakaukuta mtutu unawatazama.

"Endeleeni kuomba," Persis aliwaambia.

Aliinamisha koti lake, kamera ya kifungo ikaitazama kreti na anwani ya Marovane iliyobandikwa ubavuni mwake.

"Waheshimiwa wa Marovane. Hakuna mtu anayepiga risasi vinyago."

Alifunua majani. Kati ya mawe ya moto yalilala mayai ya samawati iliyopauka. Mawili yalikuwa yamepasuka. Kinda mmoja alitikisa bawa bichi, akatulia. Persis hakuigeuza kamera. Walione na hilo. Mengine yalikuwa mazima, na moja lilikuwa na tundu, ncha ya mdomo ikigonga.

Ving'ora vilisikika kutoka barabara kuu. Vijana wa Birongo walikuwa wamekwisha kumkalisha Lewis kwenye kiti kilichoandaliwa kwa ajili ya mheshimiwa.

"Wamepiga kura," Mathew alisema sikioni. Sauti yake ilikwaruza. "Kifungu kimebaki. Sheria imepita."

Persis alifunga kreti nyuma ya Yamaha, mayai yamekaa kati ya mawe ya Lewis. Yangefika Sironga yakiwa na joto.

Spika ilikuwa bado inacheza. Mlio ukaisha, na sauti ya mwanamume ikacheka kwa chini.

"Umeskia, Persis? Hapo anawaita."

Mkono wake ulisimama juu ya kamba.

"Ni nani huyo?" omong'ina aliuliza.

"Ndugu yangu."

Omong'ina aliuonyesha umati kwa kidole. Watu bado walikuwa wameshika kofia zao.

"Moiseke, binti yangu," alisema taratibu, "maombi hujayafunga."

Tone la kwanza la mvua lilianguka kwenye kioo cha kofia.

"Amina," Persis alisema.

Akawasha pikipiki.