Xiexie ni ya Wageni

Jumamosi asubuhi soko la Sabasaba lilikuwa limefurika watu. Anyesi, khanga ya njano kiunoni, alikuwa akipanga zabibu za Makutupora, pale kijana mrefu aliyevaa kizibao cha mafundi wa barabara alipofika na bosi wake Mchina. Bosi akaonja punje moja, akatabasamu.

"Xiexie."

"Amesemaje?" Anyesi aliuliza.

"Amesema asante, dada. Mimi mkalimani wake, naitwa Nathanaeli. Na mimi nasema xiexie, ingawa sijaonja."

"Onja basi, usije ukashukuru bure!"

Wakapendana. Kila mchana Anyesi akawa anampelekea ugali na mlenda kwenye kambi ya barabara, na Nathanaeli anainamisha kichwa: "Xiexie, mpenzi." Walicheka sana. Lakini mwezi wa nne wa mapenzi yao neno lile likakoma. Alipokea hotipoti, akala, basi. Wala xiexie, wala asante.

Anyesi alivumilia wiki mbili. Ya tatu hakupeleka chakula. Simu ikalia.

"Mpenzi, mbona kimya? Unaumwa?"

"Siumwi. Nimechoka kulisha mtu asiyeona wema. Kama umenichoka sema, tuachane."

"Nikuchoke mimi? Nani kakwambia?"

"Mdomo wako. Hata asante, Nathanaeli?"

Nathanaeli akacheka kwa aibu. "Bosi ndiye aliyenifundisha. Kwao mtu wa nyumbani haambiwi xiexie. Ukimwambia mkeo, anaona umemfanya mgeni. Na mimi... nilishakuhesabu wa nyumbani."

"Ulinihesabu na nani? Mbona mwenyewe sikuambiwa?"

"Niliona haya."

"Haya wee! Kwetu hata bibi akinipa maji namshukuru."

"Nimekosa, mama. Asante kwa kila siku uliyotembea juani kwa ajili yangu."

Anyesi aliketi juu ya kreti tupu. Akakumbuka kwamba hotipoti haikuwahi kurudi chafu hata siku moja. Na mshikio wake uliokuwa umelegea, siku moja ulirudi umekazwa kwa skrubu mpya. Yeye naye hakusema kitu.

"Nathanaeli, asante kwa ule mshikio."

"Ah, sasa unanifanya mgeni."

"Mpaka barua ya posa imfikie baba nyumbani Nkuhungu, wewe ni mgeni tu."

"Jumapili baada ya ibada, mjomba wangu anaileta."

Anyesi akafunika simu kwa kiganja, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Mwambie mjomba," alisema, "aje na njaa."