Gari Lililokataa Kutoka Placetas

Tangi la gari halikuwa na mafuta hata tone. Osmel alikuwa amelimwaga mafuta mwenyewe na kulianika uani kwao, mjini Placetas, lakini lilikuwa likimeza. Glu. Kimya kidogo. Glu. Akaligonga kwa mpini wa bisibisi, akamulika ndani kwa tochi, akaona kutu tu. Kisha harufu ikamjia, ile ya mafuta ya nywele aliyokuwa akijipaka marehemu baba yake, akasonya.

"Mama, umemwaga kitu humu ndani?"

"Mimi hata sahani yangu siioni, nitaliona tangi?" Nereida alijibu kutoka mlangoni. "Funga hilo dude twende kesho."

Kesho ndiyo ilikuwa zamu yake ya kupasuliwa kwenye hospitali ya macho, mji wa Santa Clara. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na daktari alisema wazi kwamba akikosa mara hii anarudi mkiani mwa foleni, na macho hayatamngoja. Mabasi yalikuwa yamekatika tangu mafuta yaadimike. Kilichobaki ni hili gari la Kimarekani alilowaachia marehemu mumewe, mzee Evelio, gari lililomzidi Osmel umri.

Evelio naye alikuwa na vituko vyake. Kila mara mkewe alipotaka kwenda kumwona dada yake, alifungua kabureta, akachomoa kidude kidogo cha shaba, akakitia mfukoni na kwenda zake kucheza dhumna. "Gari linaumwa," alisema. Mtaa mzima ulicheka. Nereida alirudi ndani akavua viatu.

Osmel alishabadilisha kila kitu. Tangi alilitoa kwenye trekta bovu, bomba la mafuta alilichonga kutokana na shaba ya friji, kiwambo cha pampu alikikata kwenye ngozi ya buti, na ili apate kabureta nyingine alitoa nguruwe mzima, nguruwe wa Krismasi. Akalirudisha tangi, akatia mafuta. Gari liliwaka, likakohoa mara mbili, likazimika kama mtu aliyebanwa pua. Akafungua tena, akapuliza, akafunga, likazimika tena. Vidole vilimvuja damu na kila tusi alilolijua alikuwa ameshalitukana.

"Lina kiburi hili, kama mwenyewe," alisema.

"Mwenyewe yuko makaburini," mama yake akasema, "na bado linamsikiliza yeye."

Mwishowe akaing'oa pampu akaitupa kwenye majani. Alifanya kama wafanyavyo majirani: akafunga dumu la plastiki juu ya injini, akashusha mpira hadi kwenye kabureta, mafuta yateremke yenyewe. Akasimama kutazama. Mafuta yakashuka mpaka nusu ya mpira, yakasita, halafu taratibu yakaanza kurudi juu.

"Yanapanda," alinong'ona.

"Nini?"

"Mafuta, mama. Yanapanda."

Nereida alishika mwimo wa mlango. "Osmel, mwanangu, toka hapo. Huyo ni baba yako."

Osmel hakutoka. Hasira zilikuwa zimemjaa hadi kooni. Akauchomoa mpira kwenye kabureta, akautia mdomoni kama afanyavyo kila mtu pale mjini anayevuta mafuta, akavuta kwa nguvu, na upande wa pili kitu nacho kikamvuta yeye, polepole, ulimi ukanata kwenye mpira na mashavu yakabonyea, asiweze kuachia wala kupiga kelele, hadi mapafu yakabaki matupu na macho yakamtoka, na ndipo ule upande wa pili ukaacha kuvuta ukampulizia pumzi moja ndefu, ya vuguvugu, yenye harufu ya mafuta ya nywele, ikamshuka kooni, akaimeza.

"Mafuta yamenipalia," alimwambia mama yake baadaye.

Jioni Nereida alimwita jirani yao, Bi Hortensia, anayezungumza na wafu. Alikuja na sigara nene, mrihani na glasi ya maji. Akaipulizia boneti ramu kutoka mdomoni, akalichapa gari kwa majani ya mrihani kila upande, akaitua glasi juu ya injini na kuikodolea macho. Maji yalitulia tuli.

"Humu hamna mtu," alisema. "Alikuwamo. Ametoka leo hii."

"Ameenda wapi?" Nereida aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi nimeitiwa gari tu, mama."

Nereida alilia kwa furaha. Alikunja gauni lake la kulalia, akalitia mkobani, akalala na viatu kando ya kitanda.

Asubuhi aliisikia injini ikinguruma uani, laini kabisa. Akapapasa hadi kwenye gari, akaketi, akaupakata mkoba.

"Twende, mwanangu."

Injini ikazimwa. Harufu ya mafuta ya nywele ilijaa garini.

"Unakwenda wapi asubuhi yote hii?"

Sauti ilikuwa ya Osmel, lakini Osmel hakuwa na utulivu ule. Nereida aliukumbatia mkoba.

"Osmel," alisema taratibu. "Mwanangu, uko wapi?"

"Amelala. Shuka ukachemshe kahawa."

Miaka yote ya ndoa, Evelio akiamuru hivyo, alishuka na kwenda kuchemsha. Akashuka. Alisimama kidogo, mkono juu ya mlango wa gari.

"Nitarudi kumchukua mwanangu," alisema, "nikiwa naona."

Akageukia upande usio wa jikoni. Alifuata ukuta kwa kiganja, akalipata geti, akatoka hadi barabarani, na aliposikia lori kwa mbali akaunyoosha mkono kuomba lifti. Lori lilikuwa bado mbali sana. Nyuma yake geti lilifunguliwa wazi, injini ikawaka kwa mara moja tu, bila kukohoa, na magurudumu yakaanza kuja juu ya kokoto, polepole, kumfuata.