Siku Wagongaji Waliponyamaza

Kila asubuhi Delphia Combs alibeba vipande viwili vya mkate wa mahindi kwenda shule. Kimoja chake. Cha pili alikiweka dirishani mwa darasa, kwa ajili ya wagongaji.

Wagongaji ni watu wafupi wasioonekana. Zamani walikaa katika mgodi wetu wa makaa ya mawe, wakigonga kuta kuwaonya wachimbaji. Mgodi ulipofungwa, wakahamia shuleni. Ndivyo tulivyoamini hapa bondeni Harlow Fork. Mwalimu akifundisha hesabu, ukuta unaitika: ko, ko, ko. Paa lilivuja, tukatega ndoo. Hata ndoo tulisema ni za kuwanywesha.

Jioni moja Delphia alisema mezani, "Baba, leo hawakugonga."

Orville, baba yake, aliweka kijiko chini. Alikuwa mchimbaji. Kwa wachimbaji, wagongaji wakinyamaza, usirudie hata kofia. Toka.

Kesho yake alisimama mlangoni mwa darasa, akawazuia watoto wote. Watu walimcheka, eti Orville siku hizi anapokea amri za kuta. Ili yaishe, mwalimu akawapeleka watoto kanisani. Mchana ule ule dari ilianguka juu ya madawati matupu. Kipande cha mkate kilikuwa bado dirishani, kizima, bila hata vumbi.

Jirani yao, wakili Rozella Tackett, alikuja kutazama. Akaokota kipande cha boriti iliyooza.

"Mgongaji wenu huyu hapa," alisema. "Boriti ikipasuka, hulia. Ikishakatika, hunyamaza. Nanyi mkailisha mkate."

"Tungefanyaje, jirani?" Orville alisema. "Fedha za kumlipa fundi hatuna."

Rozella akaeleza. Shule za jimbo letu zilitegemea kodi ya nyumba na ardhi. Mgodi ulipofungwa, nyumba zetu zikakosa thamani, na kodi ikakauka. Ng'ambo ya mlima nyumba ni ghali, na shule yao ina bwawa la kuogelea.

"Lakini katiba ya jimbo inaahidi shule nzuri kwa kila mtoto," alisema. "Haikusema mtoto wa ng'ambo ya mlima tu. Sheria ya fedha ikivunja ahadi hiyo, tunaipeleka mahakamani."

"Tuishtaki serikali? Sisi?"

"Umefunga darasa zima kwa sababu ya kimya, Orville. Jaji atakutisha kwa lipi?"

Wazazi wa mabonde mengine wakajiunga. Kesi ilikokota miguu. Watoto walisomea katika chumba cha chini ya kanisa, kilichopakana ukuta na makaburi, na kule hakuna aliyethubutu kuuliza nani anagonga. Mwishowe mahakama kuu ya jimbo ilikubali: sheria ile inavunja katiba. Ikaliamuru bunge ligawe fedha upya, ili hata bonde maskini lipate shule salama.

Siku ya kufungua shule mpya, Orville alitega sikio ukutani. Kimya. Akamshika Delphia mkono amtoe.

"Baba," Delphia alisema, "hiki ni kimya cha boriti nzima."

Orville akamwachia, akaketi. Sasa wazazi hukagua paa kwa zamu. Hata hivyo, siku ile Orville aliacha mkate dirishani, umefungwa kwenye leso. Asubuhi yake mkate haukuwepo, leso tu ilibaki. Rozella anasema ni panya, na wakili habishiwi. Ila mimi sijaona bado panya anayekunja leso.