Kidole cha Farida

Kila asubuhi kabla ya shule, Farida alibeba bidoni yake ya njano ya kuchotea maji na kushuka bombani kwa njia nyembamba iliyopita kati ya mawe meusi ya volkano. Nyumba za mtaa wa Mabanga zimebanana, lakini njia ile kila mtu aliithamini. Miaka miwili nyuma, moto wa mlima ulipoingia mjini Goma, majirani wote walikimbilia hapo wakapona. Hata wakati wa vita walipita hapohapo.

Siku moja habari zikaenea kwamba chuo fulani kitajenga bweni la wanafunzi hapo jirani, na ukuta wake utaziba njia. Mtaa ukachemka. Muzee Munguakonkwa, kiongozi wa mtaa, aliandika barua fupi yenye maneno makali: "Hatutaki bweni." Kisha akamwita Farida, ambaye akiwa na miaka kumi na miwili tu alisoma kwa sauti nzuri kuliko watu wazima wengi.

"Mutoto yangu, pita nyumba zote makumi tatu," alisema akimpa barua na kidau cha wino. "Usomee watu. Mwenye kukubali aweke kidole hapa."

Farida alifanya kazi vizuri hadi nyumba ya kumi na tisa. Huko chini wenzake walikuwa wanaruka kamba, wanamwita. Basi akaketi juu ya jiwe, akachovya kidole gumba chake kwenye wino, akabonyeza karatasi mara kumi na moja. Wala hakuona aibu. Alijiona ana akili sana, akaenda kuruka kamba.

Jumamosi, Wenceslas, mhandisi wa chuo, alikuja kukutana na wakazi uani kwa Muzee. Aliipokea barua, akaisogeza karibu na macho, akatabasamu.

"Muzee, hawa watu kumi na mmoja wote walikatwa kidole mahali pamoja?"

Farida akaficha mkono nyuma. Kidole gumba chake kilikuwa na kovu tangu siku alipoanguka kwenye mawe makali ya volkano.

"Kama alama hizi ni za uongo, nitaamini zipi?" Wenceslas alianza kuikunja barua. "Tutajenga kama ramani inavyosema."

Farida aliona njia yao inazibwa kwa ajili ya mchezo wa kamba. Aliogopa, lakini alisimama akautoa mkono.

"Papa, kumi na tisa ni za kweli. Zingine ni zangu. Kovu ni hili."

Mama yake, Asumini, alijifunika uso kwa kitenge. Wenceslas alikitazama kidole kile, akamrudishia Muzee barua. "Haya, nitarudi Jumatatu. Nileteeni alama za kweli."

Alasiri ile Farida na mama yake walianza kupita nyumba kumi na moja. Ya kwanza ilikuwa ya Mama Athanasie, muuza sambusa.

"Mimi bweni ninaitaka," alisema. "Wanafunzi watanunua sambusa zangu. Lakini njia ya maji wasiifunge. Mbona hukuniuliza?"

Papa Théoneste, fundi viatu, alijibu vilevile. Na wa tatu, na wa nne. Kati ya wote kumi na mmoja, hakuna ambaye angeweka kidole kwenye barua ile. Farida alirudi kwa Muzee akamweleza yote bila kuficha.

Muzee alikuna kichwa. "Kumbe hata mimi niliandika bila kuuliza," alisema, akachukua karatasi nyingine. Safari hii aliandika: "Wanafunzi waje. Tunaomba njia yetu ibaki." Nyumba zote thelathini ziliweka vidole, na Farida hakumwekea mtu kidole chake.

Jumatatu, Wenceslas aliikagua alama moja moja. Kisha akafungua ramani na kuusogeza ukuta hatua tatu ndani. Watu walipiga makofi, na Mama Athanasie akamuuliza kama wanafunzi watakuwa wengi.

Walipotawanyika, Muzee alimrudishia Farida kidau cha wino akitunze.

"Mutoto yangu, kidole cha mutu ni sauti yake," alisema. "Ukiweka chako mahali pa chake, humusaidii. Unamufunga mudomo. Umesema kweli mbele ya watu wote, ndiyo maana leo tuna njia."

Kesho yake asubuhi Farida alishuka bombani kwa njia ileile. Wino ulikuwa bado umebaki ndani ya kovu.