Sauti ya Mama Bafuni

Ndoo aliijaza mwenyewe alfajiri, akaifunika kwa sinia. Aliporudi kutoka wodini adhuhuri, maji yalikuwa nusu, na yananukia marashi.

Muuguzi hakujali. Alikuwa na wiki moja tu ugenini, amejitolea miezi sita katika zahanati isiyo na bomba, bado anajifunza kuoga kwa kopo na kulala juu ya godoro lililokonda kuliko yeye. Pengine jirani kajichotea.

"Mwanangu," mfagiaji alimuuliza, mama wa makamo ambaye wote walimwita Shangazi, "bafu la uani unalitumia?"

"Ndiyo, Shangazi. Kwani vipi?"

Shangazi alishusha sauti. "Mtu akikuita kutoka humo, usiitike."

Siku ya tatu baada ya onyo hilo, mchana kweupe, muuguzi alikuwa uani anafua sare. Akasikia sauti ya mama yake bafuni, kwa lugha ya kwao ambayo hapa hakuna aliyeijua.

"Kitinda! Njoo unisugue mgongo."

Kitinda ni jina la nyumbani, la mtoto wa mwisho. Ukiwa ukamshika, na ulimi ukamtangulia. "Abee, mama!"

Mlango wa bati ukafunguka wenyewe, marashi yakatoka mazito hadi yakamkaba koo, na nyayo za maji zikaanza kujichora kwenye saruji, moja baada ya nyingine, bila miguu ya kuzikanyaga, zikamjia taratibu huku naye amenata pale kwenye beseni, hawezi kuinuka wala kupiga kelele, mpaka kiganja kibichi kikatua kwenye kisogo chake na yeye akasikia mama yake akicheka, na kicheko kile kinatoka kinywani mwake mwenyewe.

Kesho yake Shangazi alimkuta ameinamia ndoo, ameshika mtoto mchanga wa wodini, aliyezaliwa saa mbili tu zilizopita, anamzamisha na kumwibua huku anamwimbia kwa sauti ile ngeni. Shangazi akampokonya mtoto. Mtoto alikuwa amegeuka buluu, lakini alilia.

Mganga aliletwa upesi. Akafukiza uvumba chumba kizima.

"Unataka nini kwa binti huyu?"

"Nataka kwenda kwetu," ile sauti ikajibu.

"Basi nenda. Njia ni nyeupe."

Muuguzi alianguka. Alipozinduka, sauti ilikuwa yake, na Shangazi alikuwa anamfuta jasho. "Ameondoka, mwanangu. Pole. Amekwenda kwao."

Jioni alipanda kilimani, mahali pekee palipokuwa na mtandao, akampigia mama yake. Machozi yalimtoka kabla simu haijapokelewa.

"Nani mwenzangu?"

"Mimi, mama. Kitinda."

Mama akasema kwa upole, kama anayemwambia mgonjwa:

"Dada, umekosea namba. Kitinda wangu kaingia leo mchana, hata kunipa habari hakunipa. Huyu hapa nyuma yangu, ananisuka nywele."