Fundi Cherehani na Mtoto wa Jicho

Kengele ya mwisho ikilia, wenzake walikimbilia uwanjani, lakini Chiriku alikwenda moja kwa moja nyumbani. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndimo babu yake alimoshonea nguo. Cherehani ilikaa karibu na mlango ili ipate mwanga wa barabarani, meza ya kukatia ilikuwa nyuma yake, na ukutani zilining'inia sare za shule zilizosubiri wenyewe. Chiriku alimwamkia Babu, akasukuma mkoba chini ya meza, akaokota vipande vya kitambaa vilivyotapakaa sakafuni. Kisha akasubiri mtihani wake.

Babu alinyoosha mikono yote miwili, kila mmoja umeshika uzi.

“Haya, mwanafunzi wangu. Tuone kama umeiva. Huu ni uzi gani?”

“Bluu iliyokolea, Babu.”

“Na huu?”

“Mweusi.”

“Umeanza kuwa fundi,” alisema Babu, akautunga ule wa bluu kwenye cherehani kwa kupapasa.

Chiriku alijua kwamba hafundishwi kitu. Babu alikuwa haoni vizuri. Bluu na nyeusi kwake zilikuwa zimeshakuwa kitu kimoja, na taa za pikipiki jioni zilimfanya afunike uso kwa kiganja. Lakini mzee akiamua kuiita shida yake somo, mjukuu amsahihishe vipi? Chiriku alijibu mtihani kila siku, na Babu alimsifu kila siku, na wote wawili wakajifanya hawajui.

Tena Chiriku alikuwa na hofu yake. Shangazi yake, waliyeishi naye, alishasema kwamba siku macho ya Babu yakigoma, cherehani itafunikwa shuka na Babu atakaa kitako apumzike. Chiriku alimwazia Babu amekaa kitako, hana cha kukanyaga wala cha kupima, akashindwa hata kumaliza wazo hilo. Tangu Bibi afariki, ile cherehani ndiyo iliyomtoa Babu kitandani.

Siku moja darasa la Chiriku lilibakizwa kusafisha madarasa. Babu alikuwa na suruali ya sare ya kumalizia, na mwenyewe aliihitaji kesho yake. Alimsubiri mjukuu wake, akachoka. Akakata kitambaa peke yake, akashona, akapiga pasi, akaitundika.

Asubuhi, mistarini, jua lilipowaka vizuri, suruali ile ilijulikana. Aliyeivaa alikuwa golikipa wa darasa lao. Mguu wa kulia ulikuwa wa bluu. Wa kushoto ulikuwa mweusi.

“Jamani, mguu mmoja umekuja shule, mwingine umekwenda msibani,” alisema mmoja kwa sauti ya chini, na mstari mzima ukayumba kwa kicheko. Hata mwalimu wa zamu alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Chiriku alitazama viatu vyake.

Jioni mama yake golikipa aliingia na suruali begani.

“Fundi, ndiyo nini hii? Mwanangu amefanywa kichekesho shule nzima.”

Chiriku akawahi kabla Babu hajafungua mdomo. “Ni mimi, Mama. Nilimpa Babu kitambaa sicho. Nisamehe.”

“Binti mkubwa hivi hujui rangi? Huko shule mnasoma nini?”

Babu aliondoa miguu kwenye cherehani. Akaipapasa ile suruali kama vile vidole vingeweza kumwambia rangi.

“Mwache mtoto,” alisema. “Wala hakuwepo. Nimekata mwenyewe, na sikuona. Siku hizi sioni.”

Mama yule alivuta kigoda akakaa. “Pole, Fundi,” alisema. “Si ungesema?”

Mlangoni alisimama Shangazi, ndiyo kwanza anatoka kazini, na alikuwa amesikia yote.

Hazikupita siku nyingi wakawa hospitalini, kitengo cha macho, Babu katikati, Shangazi upande huu na Chiriku upande ule. Walifika alfajiri na benchi lilikuwa limeshajaa. Wengine walikaa sakafuni, migongo ukutani. Juu ya vichwa vyao ilitundikwa picha ya mkubwa wa hospitali, anatabasamu. Angalitabasamu hivyo hivyo kama angaliwahi kukaa chini ya picha yake tangu alfajiri? Haijulikani, maana hakuonekana.

Zamu yao ilipofika, daktari wa macho alimweka Babu kidevu kwenye mashine, akamulika jicho moja, akamulika la pili. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

“Mtoto wa jicho, macho yote mawili,” alisema huku akiandika. “Ile lenzi ya ndani ya jicho, inayopitisha mwanga, imeingia ukungu. Tutafanya upasuaji, tutoe hiyo yenye ukungu, tuweke ya bandia. Muuguzi atakupangia siku. Anayefuata.”

“Asante, Daktari,” alisema Shangazi.

Babu hakusema asante. Alishuka kwenye kiti, akapapasa ukuta, akatoka. Muuguzi alipomwita ampangie siku, Babu alimjibu bila kugeuka: “Watoto ninao wa kutosha. Na huyu nitamlea mwenyewe.”

Nyumbani ikawa vita ya maneno.

“Baba, unataka kuwa kipofu?”

“Nataka kufa na macho yangu.”

“Daktari amesoma.”

“Hata yule aliyemhudumia mama yako alisoma.”

Hapo Shangazi akaenda jikoni, na masufuria yakalia kuliko siku zote.

Kesho yake akaingia kinyozi, jirani wa mlango wa pili, ambaye hakuna ugonjwa asioijua dawa yake.

“Fundi, usikubali kisu,” alisema. “Asali. Tone moja kila jicho, asubuhi na jioni. Ukungu wote unayeyuka.”

Babu aliinua kichwa. Chiriku aliona kwamba anataka kuamini.

“Wewe umewahi kuitumia?” Chiriku alimwuliza kinyozi.

“Mimi? Mimi macho yangu mazima.”

“Basi nani ameitumia akapona?”

“Kuna mtu mmoja.”

“Yuko wapi tukamwulize?”

“Alihama.”

“Alihama anaona, au alihama anashikwa mkono?”

Babu aliangua kicheko mpaka akajifuta machozi. Kinyozi akacheka pia, maana hakuwa mtu mbaya, ila mdomo wake ulitangulia. “Fundi, huyu mjukuu wako mpeleke polisi akawe mpelelezi,” alisema, akarudi kwa wateja wake.

Walipobaki wawili, Chiriku aliuliza taratibu, “Babu, mbona daktari hukumwuliza chochote?”

“Daktari haulizwi, mama. Daktari anasema, wewe unaitikia.” Babu aliutafuta ukingo wa meza, akaushika. “Bibi yako alipewa dawa, akavimba uso. Nikamrudisha. Mkubwa mmoja akatoa kichwa dirishani, akasema ni kawaida, nendeni nyumbani mkaendelee kunywa. Tukaenda. Tukaendelea, mpaka tukamzika.” Akapangusa meza isiyo na vumbi. “Wao hawakuulizwa na mtu mpaka leo. Sasa wanayataka na macho yangu.”

Chiriku alikaa karibu naye, bega kwa bega. Nje watu walipita, na kila aliyepita alikata mwanga wa mlangoni kidogo.

“Babu,” alisema mwishowe, “mteja akikuletea kitambaa, kwa nini hukati hapo hapo?”

“Nikate nisimjue? Lazima nimwulize. Kazini anakaa au anasimama? Anaendesha baiskeli? Anapenda mifuko? Suruali ya mwalimu na suruali ya mpagazi hazikatwi sawa, hata kama kiuno ni kimoja.”

“Na akikaa kimya?”

“Nitakata ninavyojua mimi. Halafu atalalamika imembana.”

“Daktari hajui kama wewe ni fundi, Babu. Hajakuuliza, na wewe umekaa kimya.”

Babu alichukua kipande cha kitambaa, akakikunja, akakikunjua.

“Na wewe ulikuwa unajua,” alisema baadaye. “Kuhusu nyuzi.”

“Ndiyo.”

“Tangu lini?”

“Tangu zamani.”

“Mjanja wewe. Tumedanganyana kama watu wanaopendana.” Akamshika kichwa. “Twende tukamwulize huyo daktari. Kuuliza si kukubali. Hilo ulielewe.”

Wakati wa likizo walirudi, wao wawili pamoja na Shangazi. Benchi lilikuwa lile, picha ilikuwa ile. Safari hii Babu alipokaa mbele ya daktari, hakushuka kwenye kiti.

“Binti yangu,” alisema, “wewe umechoka na mimi ni mzee, kwa hiyo tusikilizane. Nikikataa upasuaji, nitakufa?”

Daktari aliacha kuandika. “Hapana, Mzee. Utazidi kutoona, na kadiri mtoto wa jicho anavyokomaa, ndivyo kumtoa kunavyokuwa kugumu. Lakini si jambo la kukimbizana. Ni macho yako.”

“Nikikubali, nitalala nife ganzi mwili mzima?”

“Ni jicho tu. Utakuwa macho na utatusikia tukiongea.”

“Huwa mnaharibu?”

Shangazi alifumba macho kwa aibu. Lakini daktari hakukasirika. “Wengi hupona vizuri,” alisema. “Wachache hupata shida, jicho likavimba au likaingia vijidudu. Ndiyo maana tunaanza na jicho moja, tunalingoja lipone, ndipo tunazungumzia la pili. Likiuma sana, likiwa jekundu au likipunguza kuona, unarudi siku hiyo hiyo.”

“Nikirudi, nani atanisikiliza? Maana niliwahi kurudi mahali nikaambiwa ni kawaida.”

Daktari alimtazama, kisha akamtazama Shangazi, ambaye alikuwa ameinamisha uso. Hakuuliza ilikuwaje. Alisema, “Utaniulizia mimi. Nisipokuwepo, muuguzi wa zamu atakutazama, na hatakurudisha nyumbani bila kukutazama. Nitaandika hivyo kwenye cheti chako.”

Chiriku akamgusa Babu kiwiko.

“Ah, lipo lingine,” alisema Babu. “Mimi ni fundi cherehani. Nitaliona tundu la sindano?”

Daktari aliweka kalamu chini kabisa. “Mzee, umefanya vizuri kuniambia. Hapa watu wengi tunawawekea lenzi ya kuona mbali, na kwa vitu vya karibu wanasaidiwa na miwani. Hiyo ndiyo niliyokuwa nikuwekee. Ungewaona watu barabarani, lakini sindano ungeitafutia miwani kila mara. Kama kazi yako iko mikononi, tunaweza kupima tukuwekee ya karibu, na miwani ukavaa ukitoka nje. Unachagua wewe.”

“Barabarani kuna nini cha kuona? Pikipiki tu,” alisema Babu. “Nipe ya karibu. Jicho moja, hili bovu zaidi. Hilo jingine tutakuja kulisema.”

Siku ya upasuaji Chiriku na Shangazi walikaa nje, wameshikana mikono. Babu alitoka amezibwa jicho, akilalamika kwamba walikuwa wakizungumzia mpira muda wote na timu waliyoisifu haina beki. Hapo Shangazi akacheka na kulia kwa pamoja.

Kesho yake muuguzi alibandua ile bandeji polepole, akasafisha, akasema, “Fumbua.”

Babu alifumbua. Alipepesa, akatokwa na chozi, akapepesa tena. Chiriku alikuwa amesogeza uso karibu kabisa.

“Una alama hapa,” alisema Babu, akimgusa juu ya mdomo. “Nyeusi, kama punje ya mtama.”

“Ninayo siku zote, Babu.”

“Bibi yako alikuwa nayo. Pale pale.” Akaacha kidole chake hapo. “Na mimi nakaa na wewe kila siku, sijui.”

Walipotoka kusubiri dawa ya matone, walikuta pembeni mwa benchi bibi mmoja peke yake, mikono yake imepasuka kama ya mtu anayefua nguo za watu.

“Wameniambia nipasuliwe,” alimwambia Babu, aliposikia kwamba naye ametoka kupasuliwa jicho. “Nimeitikia tu. Sijaelewa kitu, lakini nani wa kumsumbua daktari?”

Babu alikaa kando yake.

“Dada yangu, nisikilize, na wewe mjukuu wangu sikiliza,” alisema. “Wakubwa wa mahali hapa nina maneno nao, na siku moja nitawaambia. Lakini nilikosea mahali. Niliona kukataa ndiyo ujanja, kumbe kukataa bila kuuliza ni sawa na kukubali bila kuuliza. Daktari anayajua macho. Maisha yako hayajui mpaka umwambie. Uliza kwa heshima, uliza mpaka uelewe, halafu uamue mwenyewe. Na usiende peke yako, kwa sababu mtu akiogopa husahau nusu ya maneno. Na shida usiifiche. Mimi nilificha, mjukuu wangu akanifichia, na siku ya kuumbuka tuliumbuka shule nzima.”

“Mimi sina wa kuingia naye,” alisema yule bibi.

Mlango ulifunguka, muuguzi akamwita. Yule bibi alisimama kwa kupapasa, kama Babu siku ile. Babu alimtazama Chiriku kwa lile jicho lake jipya, jekundu bado na lenye machozi.

“Nenda naye,” alisema.

Chiriku alikwenda, akamshika yule bibi mkono, na kabla hawajaingia alikuwa ameshaanza kumwuliza: kazi yake ilikuwa gani, na alipenda kuona nini.