Mikono ya Zuena

Mwamini wa Naipingo, mke wa Masoudi fundi baiskeli, alijua kufinyanga tangu hajavunja ungo. Watu wanaomfahamu husema hilo kwanza kabla hawajasema jambo jingine juu yake, na mimi nawafuata wao. Kwa miaka sita mfululizo alikuwa akifundisha ufinyanzi kila Jumamosi kwenye kituo cha sanaa pale Nachingwea mjini. Kituo chenyewe ni ghala kuukuu la karanga ambalo wananchi walilisafisha, wakalipaka rangi na kuligawa vyumba. Cha mbele ni cha batiki, cha kati cha ususi wa mikeka, na cha mwisho kilikuwa cha Mwamini. Hakuna aliyeandika jina lake mlangoni, lakini hata watoto walikiita chumba cha Mama Asmaa, kwa jina la bintiye.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, mikorosho imetoa maua na vumbi limetanda, alifungua chumba kama kawaida. Alilowanisha udongo, akautoa mawe na mizizi, akatandika magunia. Wanafunzi wakaingia mmoja mmoja: walimu wawili wa shule ya msingi, mama muuza vitumbua, wasichana waliomaliza kidato cha nne. Nyuma yao akaingia mgeni, mwanamke mwembamba, mpole, aliyejitambulisha kwa jina la Zuena. Alikuwa ametoka Namungo, kule Ruangwa kwenye machimbo ya dhahabu, na sasa anakaa kwa dada yake baada ya kuachika.

"Umewahi kufinyanga, mdogo wangu?" Mwamini alimuuliza.

"Hapana, Mwalimu. Nimezoea kuosha mchanga wa dhahabu tu."

Mwamini akamkatia bonge la udongo, akamwonyesha namna ya kuanza kitako na kupandisha ukuta. Kisha akaenda kwa wengine. Aliporudi, chungu cha Zuena kilikuwa kimesimama. Ukuta wake ulikuwa mwembamba kama wa kibuyu na mdomo wake umeviringana sawasawa. Mwamini alikitafutia kosa kwa macho, akazunguka mara mbili. Hakuliona.

Wiki iliyofuata walichoma. Moto ulipasua vyungu vinne, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha Mwamini. Cha Zuena kilitoka majivuni chekundu, kizima. Mtu akakigonga kwa kidole, kikalia kama kengele. Wanafunzi wote wakacheka kwa furaha. Mwamini naye alicheka, akasikia kicheko chake kinachelewa.

Tangu hapo kila kitu kilimuuma. Wasichana walihamisha magunia yao, wakawa wanakaa upande wa Zuena. Walimu waliacha kumuuliza yeye, wakawa wanamuuliza mgeni. Picha za vyungu vya Zuena zilitumwa kwenye kundi la kituo kwenye simu, zikajaa pongezi na mioyo, na Mwamini alizihesabu akiwa jikoni huku mboga inaungua. Halafu Maximilian, msimamizi wa kituo, akaleta bango la maonyesho ya mwezi wa tisa. Katikati ya bango palikuwa na picha kubwa ya mikono miwili iliyopakwa udongo.

"Si mikono yangu hii," Mwamini alisema.

"Ni ya Zuena, Mama Asmaa. Imetokea vizuri, au siyo?"

"Imetokea vizuri," alijibu.

Usiku ule na uliofuata hakuona usingizi. Jumatano akapanda bodaboda mchana kweupe, akaenda Lionja kwa bibi mmoja aitwaye Sikuzani, ambaye watu humtaja kwa kushusha sauti. Alimkuta barazani anachambua kunde.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unataka nani afe?"

Mwamini alishtuka. "Sitaki mtu afe. Nataka mikono yake imkatae."

"Ikimkataa, iende wapi?"

Mwamini alitazama huku na huku, kisha akanong'ona: "Ije kwangu."

Bibi Sikuzani alimweleza bila haraka, kama anayeelekeza njia ya kisimani. Achukue udongo mbichi, ambandikishe mwenye mikono viganja vyake vyote viwili. Udongo ule asiuchome. Aufiche ndani ya nyumba anayolala, aumwagie maji asubuhi na jioni, asiruke hata siku moja. Ukiwa mbichi, mikono ni ya Mwamini.

"Na ukikauka, bibi?"

Bibi alitupa kunde mbovu pembeni. "Sijui, mjukuu wangu. Walionijia wote waliogopa kuuacha ukauke."

Jumamosi hiyo Mwamini aliwaambia wanafunzi kwamba kila mmoja atabandika viganja vyake kwenye kigae cha udongo, vigae vipambe ukuta siku ya maonyesho. Wote walifurahia. Zuena alibandika vyake taratibu, akabonyeza mpaka michirizi ya ngozi ikaonekana. Vigae vingine vilichomwa. Cha Zuena, Mwamini alisema, kimepasukia motoni. Alikiviringisha kwenye nailoni akaenda nacho nyumbani, akakisukumia stoo, nyuma ya magunia ya ufuta. Jioni ile alikimwagia maji kwa mara ya kwanza. Maji yalijaa kwenye alama za vidole, yakatulia kidogo, kisha yakanywewa ghafla, kama yamevutwa kwa mdomo.

Haikuchukua wiki, maana kwa ajili ya maonyesho darasa sasa lilikuwa kila siku. Chungu cha Zuena kiliporomoka mikononi mwake. Akaanza kingine, nacho kikalala upande. Akawa anavitazama vidole vyake kama mtu anayemtazama ndugu aliyemgeuka.

"Havinisikii, Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo. "Halafu kuna kitu kingine, naona haya kukisema. Asubuhi na jioni viganja vyangu vinalowa. Nikivifuta, vinalowa tena."

"Labda ni jasho," Mwamini akamjibu, akainama kwenye udongo wake.

Na udongo wake ulikuwa unapanda. Ulipanda wenyewe, mwembamba, laini, bila yeye kufikiri. Wanafunzi walirudisha magunia yao upande wake. Maximilian alipiga picha. Mwamini alikuwa na furaha kwa siku tatu hivi. Siku ya nne muuza vitumbua alikigeuza chungu cha Mwamini, akasema, "Kama cha Zuena kabisa!" Mwamini akavitazama vyungu vyote alivyovipanga rafuni. Hakikuwapo hata kimoja cha kwake.

Nyumbani nako mambo yakaanza. Siku moja alipomsuka bintiye Asmaa, vidole vilikimbia na msuko asioujua, wa mistari inayopinda kama nyoka. Mtoto akajikunyata. "Mama, mikono yako baridi." Masoudi alivumilia siku kadhaa, kisha akamshika viganja akavigeuza juu na chini.

"Mama Asmaa," alisema polepole, "mbona unanigusa kama mtu ambaye hatujazoeana?"

Mwamini alichomoa viganja vyake. Alikwenda stoo. Saa ya maji ilikuwa imefika.

Siku ya maonyesho watu walikuja wengi. Wengine walitoka Ruangwa na ngoma zao, na uwanjani vijana walikuwa wakibishana mpira. Maximilian alikuja kumchukua Mwamini nyumbani alfajiri, kwa haraka, maana meza zilikuwa hazijapangwa. Mwamini alitoka na kanga mkononi. Saa nne asubuhi, katikati ya shughuli, alihisi kuna kitu amekisahau. Hakukumbuka ni nini.

Saa sita alikaa mbele ya umati kuwaonyesha wageni namna chungu kinavyosimama. Watoto walichuchumaa mbele. Zuena alikuwa mstari wa kwanza, mikono yake imelala mapajani, ndani ya kanga. Mwamini aliuchukua udongo, nao ukapanda. Watu wakashangilia. Zuena akamwinamia sikioni.

"Mwalimu," alinong'ona, "leo mikono yangu mikavu. Leo haijalowa kabisa."

Mwamini akakumbuka.

Alitaka kusimama. Mikono haikusimama. Iliendelea kuzunguka, ikipandisha ukuta, juu, juu zaidi, mpaka chungu kikapita kidevu chake. Watu walidhani ni ufundi, wakapiga makofi. Alivuta. Haikuvutika. Akaona ngozi ya vidole vyake inapauka. Kisha ikachanika kwenye viungo, mistari myembamba, kama udongo ulioachwa juani. Damu haikutoka. Ndani ya mipasuko palikuwa pakavu.

Alipiga kelele. Chungu kikaanguka. Mikono ikamwachia.

Alikimbia. Alipita katikati ya ngoma, akapita sokoni, hakumsalimu mtu. Alisukuma mlango wa stoo kwa bega, akayapangua magunia kwa viwiko. Kigae kilikuwapo. Kilikuwa kimekauka na kupasuka katikati. Lakini kilikuwa bapa. Alama za viganja hazikuwapo. Udongo ulikuwa laini tupu, kana kwamba hakuna aliyewahi kuugusa. Aliking'ata kikombe kwa meno akakimwagia kigae maji. Maji yaliteleza juu yake, yakamwagika chini.

Masoudi alimkuta hapo, amekaa sakafuni, mikono imenyooka mbele yake. Vidole havikukunjika tena. Hospitali waliipima, wakasema mifupa mizima, damu inapita, hawaoni ugonjwa. Alilishwa na bintiye. Alivishwa na mumewe. Usiku mmoja alimwambia Masoudi yote, tangu bango hadi Lionja. Masoudi hakumpiga wala hakumfukuza. Adhana ya alfajiri ilipolia, akasema, "Tunakwenda Ruangwa."

Zuena alikuwa amerudi Namungo jioni ileile ya maonyesho. Walimkuta uani kwa mama yake, amekaa kwenye kigoda. Njia nzima Mwamini alikuwa akijiambia kwamba angalau mikono imerudi kwa mwenyewe, kwamba atamkuta anafinyanga, kwamba ataomba radhi na kumrudishia kituo chote. Lakini mama yake Zuena alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Mikono ya Zuena ililala mapajani, imenyooka, imepauka.

Mwamini alipiga magoti mavumbini, akasema kila kitu mbele ya mama mtu. Hakuficha hata kidogo. Alipomaliza, Zuena alimgeukia.

"Mimi nilidhani ni Mungu," alisema. "Kumbe ni wewe, Mwalimu." Kisha akaongeza, bila hasira, "Ungeniambia tu niache. Ningeacha."

Maneno hayo yalimuuma Mwamini kuliko mikono. Njiani kurudi Nachingwea swali lilikuwa moja, na hakuthubutu kumuuliza Masoudi. Kama mikono haikurudi kwa Zuena, na kwake haipo, iko wapi?

Chumba cha ufinyanzi kilifungwa kwa kufuli. Mwezi ukapita bila darasa. Jumapili moja asubuhi Maximilian alifika kwa kina Mwamini, jasho linamtoka, akakataa kiti.

"Mama Asmaa, ule ufunguo mwingine wa chumba chako, unao nani?"

"Hakuna ufunguo mwingine. Upo wako tu."

Maximilian alichomoa ufunguo wake mfukoni. "Kuna chungu mle ndani. Kibichi. Leo kimekuwa cha tatu. Viwili vya mwanzo nilivivunja, sikumwambia mtu."

Masoudi alishika ukuta. Asmaa aliambiwa aende kwa jirani. Lakini Mwamini aliinua kichwa, na katika kifua chake hofu haikuwa ya kwanza kufika. Kilifika kile kitu cha zamani, cha moto, kile kilichompeleka Lionja.

"Kizuri?" aliuliza.

Maximilian hakuelewa. "Nini?"

"Nakuuliza, hicho chungu ni kizuri?"

"Sijapata kuona kizuri namna ile," Maximilian alisema. "Wewe hujawahi kufinyanga hivyo. Wala Zuena."

Walikwenda wote watatu. Kufuli lilikuwa zima. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa nondo, na nondo zote zipo. Chungu kilisimama juu ya meza, kinang'aa kwa ubichi, wembamba wake hausemeki, na shingoni kina nakshi mbili zilizofuatana, moja ya mkono mwepesi, moja ya mkono mzito, zikajibizana mpaka zikakutana. Mwamini alisimama mbele yake. Machozi yalimtoka, na hakuweza kuyafuta.

"Angalia chini," Masoudi alimnong'oneza.

Vumbi la mwezi mzima lilifunika sakafu. Zaidi ya nyayo za Maximilian, hapakuwa na unyayo hata mmoja. Palikuwa na viganja vya udongo, vikitoka kwenye karai la udongo, vikapanda mguu wa meza, vikashuka tena. Viwili vidogo kama vya Zuena, viwili vikubwa kama vya Mwamini. Vilikwenda sambamba, vimekaribiana, kama wawili wanaotembea huku wanaongea.

Alama hizo zilifika mlangoni, zikapita chini ya ubao wa mlango. Nje, juu ya saruji iliyokwisha kupata jua la saa tatu, za mwisho zilikuwa bado zinachuruzika maji.